Leso ya Wakesho na Mitungi ya Oksijeni

Kabla sijajua kuna kitu kinaitwa oksijeni, nilikuwa mkata mkonge. Huko kwetu Taita kulikuwa na shamba ambalo ukisimama upande huu huoni mwisho wake, nami niliacha shule darasa la nne nikaingia humo na kisu. Kazi ilikuwa kukata majani, kuyafunga matita, na kuyapanga kando ya njia ili nyapara apite ayakague. Kila mkataji alikuwa na namna yake ya kufunga, na nyapara akiona kifundo alijua tita hili ni la nani. Kifundo changu kilikuwa cha kuzungusha mara mbili na kukunja ncha ndani. Nyapara alinipenda, maana matita yangu yalikuwa manono na yamenyooka. Sasa nimestaafu, na nyapara alishakufa zamani, kwa hivyo naweza kusema: katikati ya yale matita nilikuwa natia majani mafupi, yale tuliyokatazwa. Nje marefu, ndani mafupi. Hakuna siku alifungua hata tita moja. Aliangalia kifundo, akapita.

Mwiba wa mkonge ndio ulionitoa humo. Jani liliruka likanichoma karibu na jicho, nikapelekwa hospitali ya wilaya juu ya trekta. Nilipokuwa nangoja jicho lipone nikawa nasaidia kubeba wagonjwa, kwa sababu mbebaji wao alikuwa na mguu mbovu na hasira nyingi. Jicho lilipopona matroni akaniuliza, “Wewe kijana, unaenda wapi? Kamata huko.” Nikakamata. Nikasukuma machela hapo mpaka nikaitwa mzee wa machela, na katika hospitali ile mitungi ya oksijeni ilikuwa myeusi, shingo nyeupe. Wekeni rangi hiyo kichwani, tutaihitaji.

Naandika haya kwa sababu Raya ameniletea daftari hapa nyumbani Adelphi, nje kidogo ya Washington. Anasema nyinyi mnaosukuma vitanda siku hizi mnauliza mambo ya wodi ilivyokuwa, na zaidi mnauliza kwa nini mzee Mwadime aliondoka bila kula keki yake ya kuagwa. Nasikia keki ilikuwa kubwa na mliila bila mimi, na mlifanya vizuri. Haya. Mshahara sitautaja, mnaujua. Vyeo sikuwa navyo. Niliingia nikisukuma kitanda na nikatoka vivyo hivyo, ila magurudumu yalibadilishwa mara mbili.

Binti yetu Mshai, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyetuvuta Marekani, mimi na mama yake Wakesho. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa watu kumaliza kazi, si kuanza. Nilikaa ndani mwezi mmoja nikiangalia theluji na televisheni, nikaona nitakufa bila ugonjwa. Mshai akanitafutia kazi Washington, kwenye wodi ya mahututi ya hospitali kubwa ambayo jina lake hamhitaji niwaambie. Kiingereza changu kilikuwa cha kuelewa kuliko cha kusema. Kwa kitanda kinatosha. Kitanda hakiulizi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Kalonji, Mkongo wa Lubumbashi, fundi wa mashine za kupumulia. Mtu mnene, mpole, anatembea kama ana sahani ya maji kichwani. Akaniambia nilete mtungi wa oksijeni kutoka stoo, mgonjwa wa kitanda namba sita anakwenda kupigwa picha. Nikaenda. Nikakuta mitungi ya kijani mingi, na pembeni mmoja mweusi. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, hata huku nimekuta mwenyeji. Nikaubeba ule mweusi begani, nikaja nao nikiwa nimejaa sifa.

Papa Kalonji akauangalia, akaniangalia mimi.

“Mzee, hii unamupelekea nani?”

“Kitanda cha sita.”

“Kitanda cha sita anataka kupumua, hataki kutobolewa mifupa. Hii iko azote. Wapasuaji ndio wanaitumia kwa kuzungusha vyuma vyao.”

Azote ndivyo Wakongo wanavyoita naitrojeni. Ukimpa mtu hiyo peke yake anakufa bila hata kukohoa. Nikamwambia kwetu oksijeni ni nyeusi. Akasema, “Kwenu ni kwenu. Huku iko kijani.” Kisha akajaribu kufunga bomba la kijani kwenye mdomo wa ule mtungi mweusi, likakataa kuingia. “Ona, haiwezi. Wale walioitengeneza walijua wewe utakuja.”

Alicheka mpaka akashika ukuta, na baadaye tukacheka wote, lakini mimi sikulala vizuri siku nyingi. Nilikuwa nafikiria ingekuwaje kama ule mdomo ungekubali.

Hapo ndipo leso ilipoingia. Wakesho alikuwa na leso, yaani kanga, ya kijani, imechakaa, korosho pembeni na jina, yale maandishi ya methali, katikati. Nikaipasua vipande virefu kabla hajaniambia ndiyo. Kila asubuhi nikifika kazini nilipita kwenye rafu ya mitungi. Mnajua mtungi uliofungwa haukuambii kitu, geji inalala kwenye sufuri mpaka uufungue kwa ufunguo, na ufunguo wa wodi hauko mahali pake hata siku moja. Kwa hivyo nilijinunulia wangu nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nafungua, nasoma geji, nafunga. Ukiwa umejaa, naufunga kitambaa cha leso shingoni, mara mbili, ncha ndani. Atakayeufungua mtungi kwa mgonjwa anakivua kitambaa na kunirudishia. Sheria yangu ilikuwa hiyo tu. Wakesho aliuliza leso yake iko wapi, nikamwambia inafanya kazi hospitali kuliko mimi. Jina la leso lilikatikakatika, mtungi huu una nusu ya neno, ule una herufi tatu. Hakuna aliyejua kulisoma isipokuwa mimi.

Wodi ikazoea. Wauguzi Wafilipino, madaktari wa kila taifa, wote wakajua kitambaa ni “kimeangaliwa”. Mtu akitaka mtungi anaangalia kitambaa, anabeba, anakwenda. Nikiwa likizo walilalamika. Nitasema ukweli, nilipenda. Mtu wa darasa la nne, na madaktari wanaangalia kifundo chake.

Mkubwa wa wodi alikuwa Daktari Pruitt. Mama mwembamba, nywele kama pamba ya zamani, anavaa viatu vya kukimbilia siku zote na sikuwahi kumwona akikimbia. Alikuwa na kazi tatu: wagonjwa mahututi, kufundisha madaktari wanafunzi, na mambo ya maafa. Nitayafikia maafa. Kwanza niseme alivyotufanya sisi wasukuma vitanda tuwe watu.

Mgonjwa wa mashine ya kupumulia akitaka kutolewa wodini, Daktari Pruitt alisimama mlangoni akauliza mmoja mmoja. Dawa? Mrija? Mashine? Wa mwisho nilikuwa mimi, na mimi nisipojibu kitanda hakitoki. Siku za mwanzo nilisahau Kiingereza nikajibu, “Twende.” Akaniuliza maana yake. Nikamwambia. Tangu siku hiyo neno likawa hilo. Utasikia Mhindi anauliza, “Twende?” na Mkorea anamjibu, “Twende.” Wanangu walidhani nawadanganya.

Kuna siku daktari kijana alikuwa na haraka, watu wa picha wanamngoja, naye ameshaanza kuvuta kitanda. Mimi nikaona mrija wa dawa umezunguka gurudumu. Nikasema hapana. Akasema, “Tumechelewa, twende.” Nikasema hapana tena, Kiingereza kikaishia hapo. Daktari Pruitt hakuinua sauti. Akasema, “Bwana Mwadime amesema hatuendi.” Basi tukasimama wote kama tunapigwa picha, mpaka yule kijana akainama akaona. Nilitembea wiki nzima kifua mbele. Wakesho alidhani nimeumia mgongo.

Sasa maafa. Miaka ile wakubwa wa serikali walikuwa na hofu ya sumu na mabomu, na hospitali zikaambiwa zifanye mazoezi. Daktari Pruitt ndiye aliyekuwa mpangaji. Mnaenda kwenye uwanja wa kuegesha magari, watu wanapakwa damu ya sharubati na rangi, wanalala chini wanalia, na madaktari wanafunzi wanapita wakiwafunga kadi: kijani anaweza kungoja, njano haraka, nyekundu haraka sana, nyeusi huyu amekufa, mruke. Mimi nilipewa nyeusi mara zote. Daktari Pruitt alisema, “Sijaona mtu anayejua kufa kama Bwana Mwadime.” Wengine wanajikuna, wengine wanacheka. Mimi nililala na kadi yangu kifuani nikaangalia mawingu, na mara moja nilisinzia kabisa.

Katika lile zoezi ninalotaka kuwaambia, walichukua mitungi yetu kutoka kwenye rafu, karibu yote, ili wanafunzi wazoee kuifungua na kuitumia. Wakaifungua, ikavuma, wakachezea mifuko ya kupumulisha, wakaifunga. Hawakujua habari ya vitambaa, vikabaki vimefungwa pale pale. Zoezi likaisha, mitungi ikabebwa ikarudishwa kwenye rafu, safi, imenyooka, kila mmoja na kitambaa chake shingoni. Mimi nilikuwa maiti. Papa Kalonji alinitingisha, “Amka, Lazaro, basi linaondoka.” Nikaenda nyumbani na sharubati masikioni.

Kesho yake nilifika kazini nikakuta wananisubiri mlangoni. Hakukuwa na nafasi ya kupita kwenye rafu.

Aliyekuwa kitandani ni Bi Zuwena, mama wa Unguja anayekaa Hyattsville na bintiye Raya. Raya wakati ule alikuwa msaidizi wa wauguzi ghorofa ya sita, na alinizoea. Mama alikuwa ameletwa siku mbili kabla na nimonia kali, mapafu yote mawili, akatiwa mrija na kulazwa kwa dawa. Sasa walitaka picha ya kifua ghorofa ya chini.

Daktari Pruitt akasimama mlangoni. Dawa? Ziko. Mrija? Umefungwa. Papa Kalonji ameshika mfuko wa kupumulisha. “Bwana Mwadime?”

Mtungi ulikuwa umelala chini ya kitanda, geji imeangalia sakafu. Niliona kitambaa. Kilikuwa kifundo changu mwenyewe, mara mbili, ncha ndani.

“Twende,” nikasema.

Papa Kalonji akakivua kitambaa, akakitia mfukoni, akafungua mtungi. Ukavuma kama kawaida. Tukaingia ile lifti ya nyuma, mnaijua, inakwenda kama inafikiria jambo. Tulikuwa wanne na mgonjwa: mimi, Papa Kalonji, muuguzi, na daktari mwanafunzi. Kile kidude cha kidoleni kinachopiga sauti kwa kila pigo la moyo kina tabia moja: hewa ikipungua mwilini, sauti inashuka, inakuwa nzito. Ikaanza kushuka. Daktari akaangalia mrija, muuguzi akaangalia dawa. Papa Kalonji akasema polepole, “Mzee, kifuko kimelegea.” Kile kifuko cha akiba nyuma ya mfuko kilikuwa kimenywea kama puto la jana.

Nikainama. Sindano ya geji ilikuwa imelala kwenye sufuri; kilichovuma kule juu yalikuwa mabaki tu. Nilipoinua kichwa niliona ncha ya kitambaa imechungulia kutoka mfukoni kwa Papa Kalonji. Nilikuwa na uwezo wa kusoma herufi zake.

Nikabonyeza vidude vyote vya lifti. Papa Kalonji akaendelea kukamua, hewa ya kawaida tu, ya mimi na nyinyi, na mapafu yale yalitaka zaidi. Mlango ukafunguka ghorofa ya pili, wanakoamshiwa watu waliopasuliwa. Sikuuliza mtu. Nilisukuma kile kitanda mpaka ukutani nikachomeka bomba kwenye oksijeni ya ukuta. Tukangoja. Sauti ilikaa chini kwa muda ambao sitausahau, kisha ikaanza kupanda kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

Yule daktari mwanafunzi akanishika bega. “Asante, mzee. Umemwokoa.” Nami sikusema kitu. Hilo nimeliandika kwa sababu ni lazima liandikwe.

Siku iliyofuata walipunguza dawa za usingizi ili mama aamke. Hakuamka. Daktari Pruitt alimwambia Raya mbele yetu, bila kuzunguka: “Inaweza kuwa ni dawa hazijatoka. Inaweza kuwa ni nimonia. Inaweza kuwa ni zile dakika za kwenye lifti. Hatujui.” Mimi niliyasikia yale ya mwisho peke yake.

Mchana wa siku hiyo nilikwenda kwenye rafu na mkasi. Nilikata vitambaa vyote. Mitungi mingine ilikuwa imejaa, mingine nusu, saba ilikuwa mitupu kabisa, yote imevaa leso ya mke wangu kama mabibi harusi. Nikavichukua nikaenda navyo ofisini kwa Daktari Pruitt nikavimwaga mezani. Nikamwambia: ni mimi.

Aliviangalia. “Nani alisoma geji?”

“Hakuna.”

“Kalonji?”

“Aliona kitambaa.”

“Muuguzi?”

“Kitambaa.”

Kisha akasema, “Mimi nilisimama mlangoni na kuuliza maswali yangu yote mazuri. Niliona kitambaa, nikasema moyoni Bwana Mwadime keshapita hapa.” Akachukua kimoja akakinyoosha kwa vidole. “Utamwambia Raya wewe, au nimwambie mimi?”

Nikasema mimi. Ilinichukua siku mbili.

Raya alikuwa anakaa kando ya kitanda akisoma Yasini kwa sauti ndogo, akimaliza anamchana mama yake nywele. Siku ya tatu alinikuta koridoni akanipa kopo la siagi limejaa visheti.

“Kula, mzee. Nimekaanga mwenyewe. Wameniambia ulivyomkimbiza mama'ngu kule ukutani.”

Nikalishika kopo.

“Mbona huli? Mkono wangu hauna sumu, wallahi.”

Nikamwambia. Nilimwambia yote pale koridoni, mtungi mweusi, leso, zoezi, kwamba nilikuwa nimelala uwanjani nikijifanya maiti wakati mitungi inarudi mitupu. Nilimwambia kwamba kitambaa kilikuwa changu na kifundo changu. Aliniacha nimalize. Kisha akalichukua kopo mikononi mwangu, akalifunika, akalibana mpaka likalia.

“Nenda kasukume vitanda vyako, mzee.”

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Nyumbani sikumwambia Wakesho. Lakini mtu aliyekaa nawe miaka arobaini huhitaji kumwambia. Alinipikia ugali, akakaa mbele yangu, akasema, “Leso ilikuwa yangu. Nusu ya hiyo kazi ni yangu.”

Siku ya nne Bi Zuwena hakuamka. Ya tano nikaenda kazini na peja yangu kiunoni, ile inayoonyesha namba ya kitanda kinachotaka msukumaji. Karibu na saa sita mchana ikalia. Namba ya Bi Zuwena. Sasa nyinyi mnajua: mgonjwa wa mashine asiye na safari ya picha, wakiita msukumaji bila kusema sababu, mara nyingi ni safari moja tu, ile ya chini kabisa, kwenye maiti. Nilitembea polepole. Nilimpita mama wa kufagia akanisalimu, sikumjibu, na bado ananidai radhi.

Raya alikuwa amesimama mlangoni, uso wote maji. Sikuweza kuusoma. Akanivuta mkono wa shati, “Ingia.”

Mrija ulikuwa umetolewa. Bi Zuwena alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdogo, mtandio umemkaa upande, macho wazi. Daktari Pruitt alikuwa miguuni mwa kitanda. Bi Zuwena alimtazama bintiye, akasema kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa bati:

“Raya. Zile choroko nilizoroweka, mmezipika au mmezimwaga?”

“Choroko gani, mama?”

“Choroko, mwanangu. Bakuli la buluu, chini ya sinki. Nimeziroweka asubuhi ile kabla kifua hakijanibana. Usiniambie mmeziacha.”

Raya hakuwa na habari ya choroko yoyote. Jioni alikwenda akafungua chini ya sinki, na bakuli lilikuwapo, la buluu, choroko zimeota, zimeoza, zinanuka mpaka kwa jirani. Mimi sikuhitaji kungoja jioni. Mtu anayekumbuka bakuli na rangi yake na mahali alipoliweka ana akili yake yote. Daktari Pruitt aliniuliza amesema nini. Nikamwambia anauliza chakula. Akatoka nje haraka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyoona vile viatu vikikaribia kukimbia.

Nilikwenda chumba cha shuka chafu nikakaa juu ya magunia. Papa Kalonji akanifuata. Tulikaa pale kama watu wawili waliovua viatu vya kubana.

Kabla hajahamishiwa wodi ya kawaida Bi Zuwena aliniita. Raya alikuwa ameshamwambia kila kitu.

“Wewe ndiye wa kitambaa?”

“Ndiye mimi, Bi Zuwena. Nakuomba radhi.”

“Na leso yenyewe ya kijani. Nyinyi watu wa bara, hata mkitaka kuniua hamchagui rangi.”

“Mimi Mtaita, mama. Si wa bara sana.”

“Ukivuka maji tu ushakuwa bara.” Akafumba macho kidogo, nikadhani amechoka. “Raya, mpe mzee visheti vyake. Vishakuwa vigumu, lakini na yeye si kijana.”

Vilikuwa vigumu kweli. Nilivila vyote ndani ya basi, na Wakesho akapata kopo tupu.

Nilikuwa nimebakiza wiki chache za kustaafu. Daktari Pruitt akaniomba kitu kimoja: kuna wanafunzi wapya wanakuja, anataka niwaambie mwenyewe. Nikamwambia Kiingereza changu kinajulikana. Akasema kinatosha. Nilijiandaa siku tatu, Mshai akanisahihisha, nikayashika maneno kama mtoto wa kipaimara.

Siku yenyewe walikuwa wanane, makoti mafupi meupe bado yana mikunjo ya dukani. Papa Kalonji alisimama nyuma. Nilikuwa nimeleta mtungi wa kijani, mtupu, niliumaliza mwenyewe asubuhi, na shingoni nimeufunga kitambaa cha mwisho nilichokuwa nimekiweka. Nikawaambia: mimi ndiye mzee wa mitungi hapa. Nikiufunga mtungi kitambaa hiki, maana yake nimeuangalia. Nikawafundisha neno letu. Kisha nikashika ubavu wa kitanda kitupu nikawauliza, “Twende?”

“Twende,” akasema mrefu wa mbele. “Twende,” wenzake wakaitikia mmoja mmoja, wakitabasamu, wakiniheshimu. Daktari Pruitt alikuwa anaangalia dirishani.

Wa mwisho alikuwa binti mfupi mwenye miwani. Hakujibu. Aliniangalia, akaangalia mtungi, akarudi kwangu, na niliona anaogopa kunivunjia heshima mbele za watu. Kisha akapiga magoti. Akasoma geji: sufuri, lakini mtungi umefungwa, kwa hivyo geji haijasema kitu. Akajaribu kuufungua kwa vidole, ukakataa.

“Samahani, bwana,” akasema. “Ufunguo uko wapi?”

Nikaivua kamba shingoni nikamwekea mkononi. Ufunguo ulikuwa na joto bado. Akafungua. Hakuna kilichovuma. Sindano haikusogea.

“Hatuendi,” akasema kwa lugha yake.

Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, ya siku tatu. Daktari Pruitt akanigeukia akingoja niyaseme. Niliyatafuta nikaona hayana kazi tena. Nikachukua koti langu kwenye kiti. Walidhani nakwenda kuleta mtungi mwingine, yule mrefu hata akanifungulia mlango. Sikupanda lifti. Nilishuka ngazi, nikapita mlango wa mbele, ule wa wageni, ambao miaka yote sikuwahi kuutumia. Nje kulikuwa na jua, watu wanakula chakula cha mchana kwenye mabenchi. Nilijigusa shingo, nikakuta haina kitu, nikaendelea kutembea mpaka kituo cha basi, na sijarudi.